Jinsi ya kuandika maisha ya tajiri wa viwanda wa enzi za Victoria (tunamtumia Titus Salt)

Kama umepewa kazi ya historia, au unataka tu kuandika makala kuhusu wale matajiri wa viwanda vya nguo wa Uingereza walioingia mpaka bungeni, chukua mtu mmoja umchimbe. Mimi huwa nawashauri watu waanze na Titus Salt wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza, maana alijenga mji mzima unaoitwa Saltaire, mji wenyewe bado upo, na rekodi nyingi unazipata mtandaoni bila kulipa.

Andika kwanza tarehe zake pembeni. Kazaliwa Morley karibu na Leeds tarehe 20/9/1803, baba yake Daniel alikuwa kwenye biashara ya sufu, familia ikahamia Bradford 1822, akawa meya 1848, mbunge 1859 hadi 1861, akapewa u-Sir wa kurithisha watoto 1869, akafariki 29/12/1876. Basi. Wengi wanazitandaza hizo kurasa mbili wanadhani wamemaliza, kumbe hata hawajaanza.

Anza na malighafi. Kwa tajiri wa nguo swali la kwanza ni alikuwa anafuma nini, na kwa nini yeye kaweza wengine wakashindwa. Salt alitajirika kwa alpaka, yule mnyama wa Peru, sufu yake ni ndefu na inang'aa ila ilikuwa inasumbua kusokota, na kwenye miaka ya 1830 alinunua marobota yake yaliyokuwa yamelala ghalani Liverpool, akahangaika nayo mpaka akaweza kuyafuma juu ya mtande (nyuzi za urefu) wa pamba, kikatoka kitambaa chepesi cha kung'aa ambacho wanawake walikigombania kwa magauni. Mwaka 1844 Malkia Victoria mwenyewe alimpelekea sufu ya alpaka wake wa Windsor amfumie. Hapa kuwa makini. Stori ya yale marobota iliandikwa na mwandishi wa riwaya Charles Dickens kwa mbwembwe zote, ndo maana ukisoma haraka unadhani Salt alikuwa wa kwanza duniani kugusa alpaka. Sio kweli, kuna waliojaribu kabla yake. Sema aliifanya ikawa biashara kubwa, hapo uko salama.

Halafu fungua ramani. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka ramani za zamani za Uingereza bure kabisa, tafuta Saltaire, maili chache kutoka Bradford. Bradford ya wakati ule ilikuwa moshi mtupu na maji machafu, 1849 kipindupindu kikaua watu Salt akiwa meya. Utakutana na takwimu kwamba wastani wa umri wa kufa pale ulikuwa miaka 18 hivi, tafadhali usiandike kwamba watu wazima walikuwa wanakufa wakiwa na miaka 18! Wastani unashuka hivyo kwa sababu watoto wachanga walikuwa wanakufa kwa wingi mno, na hilo ndo jambo la kuumiza, liseme wazi. Sasa rudi kwenye ramani uone alipochagua kujenga: mto Aire, mfereji wa Leeds na Liverpool, na reli, vyote vinapita palepale. Kwa hiyo kuhamisha kiwanda kutoka Bradford kulikuwa na huruma ndani yake, lakini na hesabu pia, makala nzuri inabeba vyote viwili. Kiwanda kilifunguliwa 20/9/1853, siku anatimiza miaka 50.

Ukimaliza hapo ingia mitaani, mimi hii sehemu naipenda kuliko zote. Mitaa ya Saltaire ina majina ya familia yake, Caroline ni mkewe, George, Ada, Helen ni watoto. Nyumba zilikuwa na maji, gesi, na kila moja na choo chake, kitu ambacho mfanyakazi wa Bradford hakukizoea kabisa. Ila zitazame vizuri: nyumba kubwa ni za wasimamizi, ndogo za wafanyakazi wa kawaida, yaani cheo chako kiwandani kinaonekana mlangoni kwako. Baa hakuruhusu, na nguo kuanikwa barabarani hakutaka, akajenga nyumba ya kufulia. Unaishi vizuri, lakini bosi wako ndiye mwenye nyumba na ndiye anayepanga sheria za mtaa.

Kisha pima sifa kwa sensa. Kitabu kimoja cha maisha yake kilitoka 1877, mwaka mmoja tu baada ya kifo, kimeandikwa na mchungaji aliyekuwa rafiki yake, kwa hiyo kisome ukijua ni rafiki anaongea. Sensa ya 1881 unaisoma bure kwenye tovuti ya FamilySearch ukijisajili, tafuta nyumba moja uangalie watoto, utaona wanaogawa siku nusu shule nusu kiwandani. Sheria ya 1844 iliruhusu mtoto wa miaka 8 kufanya kazi hivyo, na shule ya Salt, pamoja na uzuri wake wote, ilikuwa inasomesha watoto wa aina hiyo.

Siasa usiivute sana. Alikuwa Mliberali, kumbukumbu za bunge za Hansard ziko wazi mtandaoni, lakini Salt alikuwa mtu wa maneno machache na afya ilimsumbua, 1861 akajiuzulu kiti kikaenda kwa W. E. Forster, naye mwenye kiwanda cha nguo, ambaye ndiye alileta sheria ya elimu ya 1870. Kama unataka siasa nzito mfuate Forster.

Na usiishie kwenye mazishi, hata kama inakadiriwa watu 100,000 walijipanga barabarani. Endelea mpaka kampuni ilipofilisika 1892, kiwanda kilipofungwa 1986, na UNESCO walipouweka mji kwenye urithi wa dunia 2001.