Vile mnaweza kujadili majibu ya chalenji za programu bila kuharibiana

Huku Kisumu wengi wetu tukimaliza chalenji tunarusha skrinshoti kwa grupu ya WhatsApp hapo hapo, na mwenye alikuwa bado anakuna kichwa ashaharibiwa siku. Kwanza pangeni saa. Mfano Advent of Code, ile ya maswali ya programu mtandaoni kila Disemba tangu 2015, swali linafunguka saa mbili asubuhi kwa saa zetu, basi kubalianeni majibu ni jioni watu wakitoka kazi na darasani.

Skrinshoti wacheni kabisa. Tuma programu kama maandishi, uweke ``` mwanzo na mwisho, ndio mtu aweze kukopi na kuijaribu kwa mashine yake.

Halafu kabla ya programu yenyewe, eleza wazo kwa maneno, na hii ndio sehemu tamu jamani. Chukua swali la kwanza la Project Euler, tovuti ya maswali ya hesabu ya kutatua kwa programu: jumlisha namba zote chini ya 1000 zenye zinagawanyika kwa 3 au 5. Mmoja atazungusha lupu (hatua zile zile zikirudiwa) apitie namba moja moja, mwingine atachukua jumla ya za 3, aongeze za 5, atoe za 15 kwa sababu 15, 30, 45 na wenzake zimehesabiwa mara mbili. Wote wanapata 233168. Sasa ulizeni, na kama ni chini ya bilioni moja? Lupu itapitia zote, huyo mwingine bado ana hesabu tatu tu, na hapo hata mgeni anaelewa kwa nini watu wanabishana kuhusu spidi. (Project Euler wenyewe wanaruhusu majibu kutolewa nje kwa maswali 100 ya kwanza pekee, tuheshimu hiyo.)

Ukikosoa, usiandike "hii ni mbaya", na tafadhali usimwandikie upya yote. Mpe inputi, yaani data ya kuingiza, yenye inavunja programu yake. Kama swali ni kutafuta namba mbili tofauti kwenye orodha zenye jumla yake ni 6, mwambie ajaribu [3, 2, 4], programu ikitumia ile 3 mara mbili ataona mwenyewe na atarekebisha mwenyewe. Orodha tupu na namba hasi pia zinakamata wengi. Na kama ni wewe umekosolewa, endesha hiyo inputi kwanza kabla ya kujibu, na wazo la mwenzako ukilitumia andika kwa komenti ndani ya programu ni la nani.