Kuondoa mafundo ya manyoya kwenye nyayo za mbwa mdogo asiyetaka kuguswa miguu

Usianze kwa kumwogesha. Fundo la manyoya likilowa kisha likakauka hukaza zaidi, na unyevu unaobaki ndani yake huichoma ngozi. Kazi ya mafundo hufanywa manyoya yakiwa makavu. Maji ni ya mwisho.

Andaa kitana cha chuma, mashine ndogo ya kunyolea yenye bledi nyembamba na isiyopiga kelele sana, mkasi mdogo wenye ncha butu, unga laini wa wanga wa mahindi na vipande vidogo vya nyama. Mweke juu ya meza iliyotandikwa kitu kisichoteleza, maana mbwa anayeteleza hujikaza mwili mzima, na hapo hutamfanya lolote.

Anza na mguu wa nyuma. Mbwa wengi huivumilia zaidi kuliko ya mbele. Inua mguu kidogo tu, ukunje kuelekea mbele na nyuma jinsi unavyokunjika wenyewe. Usiuvute kwa pembeni: mbwa wadogo wengi wana magoti yanayoteguka upesi, na mara nyingi kinachomfanya abweke ni goti, si unyayo. Akivuta mguu, usimng'ang'anie. Mfuate, mkono wako ukiwa umelegea, ngoja atulie, mpe nyama, endelea.

Sasa fundo lenyewe. Nyunyiza wanga kidogo, ulisugue kwa vidole hadi nywele zianze kuteleza. Shika shina la fundo, kati ya ngozi na kitana, kwa kidole gumba na cha shahada, ili mvuto uishie kwenye vidole vyako. Chana kuanzia nchani, nywele chache chache, ukirudi taratibu kuelekea ngozini. Ukianzia shinani unalikaza, na ngozi ndiyo inayolipa.

Fundo lililoganda kama kipande cha sufu iliyoshindiliwa na kushika ngozi, linyoe. Kulichambua ni kumtesa tu, na manyoya yataota tena. Usilikate kwa mkasi: ngozi katikati ya vidole ni nyembamba kama karatasi, nayo huvutwa ndani ya fundo bila wewe kuiona. Tumia bledi namba 10, inayoacha manyoya ya kama milimita 1.5. Namba 40 hunyoa karibu na ngozi zaidi; hiyo waachie wenye mkono mzoefu. Laza bledi sambamba na ngozi, ipitishe chini ya fundo bila kuikandamiza. Kila baada ya dakika moja au mbili iguse kwenye kifundo cha mkono wako. Ikikuchoma wewe, yeye imeshamuunguza.

Upande wa chini, tenganisha vidole kwa kusukuma kidole chako kutoka chini, kisha punguza manyoya yaliyozidi usawa wa nyama za unyayo. Usichimbe ndani. Kagua pia kucha ya pembeni isiyogusa ardhi: hujificha kwenye fundo, ikajikunja na kuingia nyamani.

Dakika 5 kwa mguu mmoja zinatosha, na miguu minne inaweza kuchukua siku nne. Akianza kupiga miayo, kulamba midomo au kutoa weupe wa macho, acha hapo, kabla hajang'ata.

Mafundo yakiisha, osha nyayo kwa maji ya vuguvugu na ukaushe katikati ya vidole kwa kugandamiza taulo, si kusugua. Wekundu kidogo ni kawaida. Uvimbe, usaha, harufu kali au kuchechemea ni kazi ya daktari wa mifugo, sawa na mbwa anayelamba miguu bila kukoma: huenda ana mzio au fangasi, na mafundo yatarudi mpaka hilo litibiwe. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni humdhuru figo na tumbo. Mafuta ya mti wa chai nayo ni sumu kwake.

Baadaye pitisha kitana kila siku mbili, hasa akishatoka kwenye majani mabichi, na punguza manyoya ya chini kila wiki 3 hadi 4.