Babu ana baba wawili kwenye karatasi: namna ya kumtambua aliyemzaa

Familia nyingi za Dar es Salaam huanza kuulizana habari za ukoo siku ya mirathi, wakati mbaya kuliko wote, maana kila mtu ameshachagua upande. Anza mapema.

Tuchukue mfano. Babu alizaliwa Kisarawe, akafia Magomeni. Cheti cha kuzaliwa kinamwita Saidi Mfaume. Cheti chake cha ndoa kinasema Saidi Juma. Juma na Mfaume walikuwa ndugu, baba mmoja mama mmoja. Mama yake Saidi aliolewa na Juma, na Juma alipofariki akaolewa na Mfaume.

Hatua ya 1: Wazee, mmoja mmoja. Usiwakalishe sebule moja. Mkubwa akishasema, wadogo wataitikia tu. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, kisha omba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Usiulize "baba yake nani?" kwa sababu baba mdogo naye ni baba. Uliza: nani alimzaa, nani alimlea, nani alikwenda kumposea mke? Mashangazi ndio huwa na majibu yaliyonyooka.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi. Vyeti vya kuzaliwa na vifo ni RITA, wakala wa serikali wa usajili. Faili la mirathi liulizie Mahakama ya Mwanzo lilikofunguliwa. Ndani yake mara nyingi utakuta muhtasari wa kikao cha ukoo, na hapo warithi wametajwa mmoja mmoja. Halafu fungua msahafu wa nyumbani. Watu wa Pwani waliandika vizazi na vifo kwenye kurasa zake za mwanzo. Piga picha ukurasa mzima, hata mstari usiokuhusu, kwa sababu wino na mwandiko vitakuonyesha kipi kiliongezwa baadaye.

Hatua ya 3: Ihoji kila karatasi. Nani alitoa habari hii, lini, na alikuwa anatafuta nini? Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kwenye cheti cha kuzaliwa usitazame tarehe ya kuzaliwa peke yake, tazama na ya usajili. Tuseme cheti kinasema babu alizaliwa 1936, lakini alisajiliwa mtu mzima, kwa kiapo, kwa kuwa kazini walidai cheti. Aliyeapa hakuwapo siku ya uzazi, na jina la Mfaume lilikuwa limeshazoeleka tangu shuleni, alikoandikishwa na aliyemlipia ada. Hakuna aliyedanganya, ila cheti hicho kinakueleza malezi kuliko uzazi.

Hatua ya 4: Linganisha kalenda. Msahafu unasema Saidi alizaliwa Ramadhani 1354 na Juma alifariki Muharram mwaka huohuo. Mwaka wa Hijria, yaani wa kalenda ya Kiislamu, ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo usibahatishe, tumia programu ya kubadili tarehe. Muharram 1354 ilianza Aprili 1935. Ramadhani yake iliangukia mwishoni mwa Novemba hadi mwishoni mwa Desemba 1935. Kwa hiyo mtoto alizaliwa miezi kama minane baada ya kifo cha Juma. Ndoa na Mfaume ni ya Januari 1936, nayo inakaa sawa kabisa: eda ya mjane mjamzito huisha akijifungua. Ungefuata ile 1936 ya kwenye cheti, ukachukua Ramadhani ya Novemba mwaka huo, mtoto angekuwa wa Mfaume. Mwaka mmoja tu, na baba amebadilika.

Angalia pia siku. Wazee wakisema usiku wa Ijumaa, kwa kalenda ya ofisini ni Alhamisi jioni, maana kwao siku huanza jua likizama.

Hatua ya 5: Vinasaba, kama ni lazima. Tanzania suala hili lina sheria yake ya mwaka 2009 na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini kwa kesi yetu kipimo cha ukoo wa kiume hakisaidii: ndugu wa baba mmoja hurithi mstari uleule.

Hatua ya 6: Andika hukumu yako. Kwenye mti wa ukoo, mchoree Juma mstari mzima na Mfaume mstari wa nukta, pembeni andika "mlezi". Chini taja kila karatasi na tarehe yake, pamoja na zile zinazokupinga. Majina ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, usiyaguse kwa ajili ya mti. Na kama kuna nyumba au shamba la Mfaume ambalo halijagawanywa, zungumza na wakubwa wa ukoo kabla hujautuma mchoro kwenye kundi la familia, maana kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa kulea harithi kama wa kuzaa.