Mguu Unauma Wapi, na Saa Ngapi? Namna ya Kuusoma Kabla ya Kwenda kwa Daktari

Mgonjwa akija kwangu na kusema "mguu unauma", simgusi kwanza. Namwambia avue viatu na soksi za miguu yote miwili, hata kama ni mmoja tu unaomsumbua, kisha aweke kidole kimoja pale panapouma zaidi. Kidole, si kiganja. Wengi huanza kwa kuzungusha mkono juu ya mguu mzima, nami nasubiri mpaka watulie sehemu moja. Kuanzia kifundo kwenda chini kuna mifupa 26 na viungo 33, kwa hiyo tofauti ya upana wa kidole inaweza kuwa tofauti ya ugonjwa. Swali la pili ni saa: panauma ukiamka, ukitembea, ukipumzika au usiku wa manane? Nimefanya kazi ya fiziotherapia kwa muda mrefu, na bado maswali hayo mawili yananisaidia kuliko kifaa chochote nilicho nacho. Jaribu kujiuliza mwenyewe.

Chini ya kisigino

Kama kidole chako kimetua chini ya kisigino, kuelekea upande wa ndani, na hatua za kwanza asubuhi ndizo zinazokufanya ushike ukuta, karibu nijue jibu. Ukitembea kidogo maumivu yanapungua, unasahau, halafu ukikaa muda mrefu na kuinuka yanarudi. Huo ni ugonjwa wa utando mnene unaotoka kisiginoni na kutandaa chini ya wayo hadi kwenye vidole. Usiku unajikunja, asubuhi unavutwa ghafla.

Dawa yake inaanzia kitandani. Kabla hujakanyaga sakafu, weka mguu unaouma juu ya paja la pili, shika vidole vyake na kuvivuta kuelekea kwenye goko mpaka uhisi wayo umekaza. Hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Nyosha na shavu la mguu pia: simama ukisukuma ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino chini. Usitegemee nafuu ya wiki moja, maana kwa wengi huchukua miezi, lakini idadi kubwa hupona bila upasuaji.

Niseme na kuhusu "mwiba". Watu huja na eksirei mkononi wakionyesha mfupa uliochongoka kisiginoni, wameshajiandaa kukatwa. Watu wengi wana mwiba huo na hawajawahi kuumwa. Mimi huiweka picha pembeni na kurudi kwenye kile kidole.

Nyuma ya kisigino

Hapa kuna kano nene inayounganisha shavu la mguu na kisigino, ambayo madaktari huiita kano ya Akilisi. Ikiuma sentimita chache juu ya mfupa, ikiwa imevimba kidogo na kukakamaa asubuhi, mara nyingi umeongeza mbio, ngazi au vilima haraka kuliko ilivyozoea. Punguza mzigo, usiache kabisa, kisha anza mazoezi ya kuinua na kushusha visigino polepole.

Ni habari nyingine kabisa mtu akikuambia alisikia mlio, akadhani kapigwa teke kwa nyuma, akageuka na kukuta hakuna mtu. Mlaze kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, uminye shavu la mguu. Kano ikiwa haijakatika, wayo utajisogeza wenyewe kwenda chini. Usiposogea, kano huenda imekatika, na hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo. Mtajie daktari pia kama umekuwa ukitumia antibiotiki za kundi la siprofloksasini, kwa sababu zinajulikana kudhoofisha kano.

Kifundo kilichoteguka

Watu hupima ukubwa wa jeraha kwa uvimbe na rangi. Uvimbe hudanganya. Nimeona vifundo vilivyovimba vibaya ambavyo mfupa ulikuwa mzima, na vingine vya wastani tu vikiwa na mvunjiko.

Kipimo bora kilitengenezwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992. Bonyeza kingo za nyuma na ncha za mifupa miwili inayochomoza pembeni mwa kifundo, wa nje na wa ndani, ukipanda sentimita 6 hivi. Kisha bonyeza katikati ya ukingo wa nje wa mguu, kwenye nundu ya mfupa inayoelekea kidole kidogo, na mfupa wa upande wa ndani juu ya upinde wa wayo. Mfupa ukiuma mahali popote kati ya hapo, au ukishindwa kupiga hatua nne, hata za kuchechemea, nenda ukapigwe picha. Kwa mtoto mdogo, mlevi au mtu mwenye ganzi miguuni usitegemee kipimo hiki.

Kama mfupa hauumi na hatua nne zimewezekana, huenda ni kano za upande wa nje zilizovutika. Funga bandeji, inua mguu, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Usikubali kuvutwa wala kukandwa kwa nguvu siku za mwanzo. Hakuna kitu cha kurudisha mahali pake. Maumivu yakipungua, anza kusimama kwa mguu mmoja karibu na kitu cha kushika. Zoezi hili watu hulidharau, kisha hushangaa kifundo kinapoteguka tena.

Mbele na vidoleni

Maumivu ya nukta moja juu ya mguu, yanayozidi kila unavyotembea baada ya kuongeza mazoezi, yanaweza kuwa ufa mdogo wa mfupa. Eksirei ya wiki mbili za kwanza inaweza isiuonyeshe, hivyo picha safi isikurudishe kwenye mbio. Hisia ya kukanyaga kokoto, moto kati ya kidole cha tatu na cha nne, nafuu ukivua kiatu: ni neva iliyobanwa, na kiatu chembamba mbele ndicho mshukiwa wa kwanza.

Kidole gumba kikivimba ghafla usiku, chekundu, cha moto, hata shuka likigusa unapiga kelele, hiyo ni dalili ya jongo. Lakini kiungo cha moto pamoja na homa kinaweza kuwa na usaha ndani. Usikisubirishe mpaka kesho. Kidole gumba kinachoinamia wenzake na kuacha nundu pembeni ni jambo la miaka, na kiatu kipana kitakusaidia zaidi ya mafuta ya kuchua.

Mguu usiouma

Huu ndio unaonitisha zaidi. Kama una kisukari, fumba macho, mwambie ndugu akuguse kidogo sana, sekunde moja au mbili, kwenye ncha za kidole gumba, cha kati na kidogo, miguu yote miwili. Asibonyeze wala kupapasa. Usipohisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, mishipa ya fahamu huenda imeshaathirika, na daktari anapaswa kujua. Mguu mmoja ukiwa mwekundu, wa moto na umevimba bila maumivu makubwa, acha kuukanyagia na uende siku hiyo: mifupa inaweza kuwa inavunjika bila wewe kuhisi. Angalia nyayo kila jioni, kwa kioo kama huwezi kuinama, na kabla ya kuvaa kiatu tia mkono ndani upapase mpaka kwenye ncha.