Kumkatia Mama Tiketi ya Ndege, Kisumu hadi Nairobi

Mama yangu ana magoti mabovu, na kliniki yake iko Nairobi. Kabla ya bei, mimi huuliza ndege itatua wapi: uwanja wa Wilson au wa Jomo Kenyatta? Mwaka jana sikuuliza, ndugu yangu akamngoja Embakasi, kwenye uwanja wa Jomo Kenyatta, huku mama amekaa Wilson, kando ya barabara ya Lang'ata. Bado inaniuma.

Kisha uliza aina ya ndege. Dash 8-400 ya propela hubeba watu wapatao 78, na katika safari fupi kama hii haitumii mafuta mengi kama jeti. Mabawa yako juu ya madirisha, kwa hiyo mama huliona ziwa vizuri. Mwombee kiti cha nyuma. Karibu na propela kelele ni nyingi. Sehemu za mizigo juu ya viti ni ndogo, basi samaki na unga viende chini na mizigo mikubwa.

Chagua ndege ya asubuhi. Alasiri mawingu ya radi hujikusanya huku kwetu ziwani, na rubani anaweza kulazimika kusubiri.

Kiti cha magurudumu kiombwe siku ya kukata tiketi.