Somo: Kuainisha vivuko vya waenda kwa miguu kwenye OpenStreetMap

Wanaramani, habari za leo. Juzi nilikuwa nakagua kazi za wenzetu wapya kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, nikakuta vivuko vingi vimewekewa tagi moja tu (maneno mafupi yanayoeleza kitu kilichochorwa): highway=crossing. Tagi hiyo inasema watu wanavuka hapa. Haisemi gari litasimamishwa na nini, na hilo ndilo mama mwenye mtoto mgongoni anataka kulijua kabla hajashusha mguu barabarani. Katika somo hili lote shikeni swali hilo moja: hapa gari linasimamishwa na nini? Ni taa, ni rangi, ni tuta, ni mtu mwenye kibao, au ni huruma ya dereva tu?

Hatua ya 1: Nenda kwa miguu. Picha ya setilaiti itakuonyesha mistari myeupe, lakini taa haitakuonyesha, na huenda ilipigwa kabla barabara haijawekewa lami upya. Simama pale, vuka mwenyewe mara mbili, kisha andika.

Hatua ya 2: Tazama taa. Hapa wengi wanakosea. Taa za makutano zinazoyatazama magari ni kitu kimoja. Taa inayokutazama wewe mvukaji, yenye mtu mwekundu na mtu wa kijani, ni kitu kingine. Ukiiona hiyo ya pili, andika crossing=traffic_signals pamoja na crossing:signals=yes. Kama kuna kitufe cha kubonyeza, ongeza button_operated=yes. Ikiwa zipo taa za magari tu na wewe unavuka kwa kukisia, mimi naandika crossing:signals=no, kisha naendelea na alama za chini.

Hatua ya 3: Tazama rangi. Zebra isiyo na taa ni crossing=uncontrolled. Neno hilo limewachanganya wengi, kwani linasikika kana kwamba hapana chochote pale. Kwenye OpenStreetMap maana yake ni kivuko kilichochorwa alama lakini hakina taa. Utakutana pia na crossing=marked; maana ni ileile, kwa hiyo usipoteze siku nzima ukibadilisha moja kuwa nyingine. Aina ya alama ina tagi yake: crossing:markings=zebra kwa milia, crossing:markings=lines kwa mistari miwili tu inayokatiza barabara. Pasipo alama yoyote ni crossing=unmarked na crossing:markings=no. Ile crossing=zebra ya zamani iacheni, haituambii kama taa ipo au haipo.

Hatua ya 4: Weka nukta mahali pake. Nukta ya kivuko inakaa juu ya mstari wa barabara, si pembeni. Ukichora na njia ya mguu inayokatiza, mstari wake unapata highway=footway na footway=crossing, na lazima upite kwenye nukta hiyohiyo.

Sasa njooni Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, maana hapo ndipo kazi ilipo. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kubeba abiria mwaka 2016, vituo viko katikati ya barabara. Kwenye ramani sehemu hiyo si mstari mmoja: kuna njia za magari ya kawaida upande huu, njia za mwendokasi katikati, kisha njia za kawaida upande wa pili. Abiria anayekwenda kituoni anakatiza mistari kadhaa, na kila mstari anaoukatiza unahitaji nukta yake. Tena nukta hizo si lazima zifanane. Anaweza kuvuka njia za kawaida kwa taa, halafu akabaki na njia ya mwendokasi isiyo na taa yake, na basi la mwendokasi halina foleni ya kulipunguza kasi. Ukiweka nukta moja kwa wote, umeificha hatari ile kubwa zaidi.

Hatua ya 5: Vitu vidogo ambavyo si vidogo. Barabara iliyochorwa kwa mstari mmoja lakini ina kisiwa cha kusimama katikati, ongeza crossing:island=yes. Ukingo andika kerb=lowered kama umeshushwa, kerb=raised kama umeinuka, kerb=flush kama uko sawa na lami. Vigae vyenye vinundu kwa wasioona ni tactile_paving=yes; kama havipo andika no, usiache wazi, maana mwingine hatajua kama havipo au hukutazama. Zebra iliyo juu ya tuta bapa inapata traffic_calming=table kwenye nukta ileile. Rasta zile zinazotangulia zebra zina nukta yao wenyewe, traffic_calming=rumble_strip, pale zilipo hasa.

Hatua ya 6: Madaraja. Pale Manzese Darajani, mahali palipopewa jina na daraja lenyewe la waenda kwa miguu, usiweke highway=crossing. Mtu hagusi barabara. Chora highway=footway yenye bridge=yes na layer=1, na ngazi zake ziwe highway=steps. Hakikisha daraja na barabara havishiriki nukta. Vikishiriki, programu ya kuelekeza njia itadhani mtu anaweza kutoka darajani akaingia moja kwa moja kwenye magari.

Ukimaliza, hifadhi kwa maelezo yanayoeleweka: vivuko vya wapi, na kwamba ulikwenda mwenyewe.

Maswali ya wanachama

Mbagala: Shikamoo dada. Zebra ya mbele ya shule yetu imefutika karibu yote. Niandike ipo au haipo?

Marahaba mdogo wangu. Kama milia bado inaonekana na mtu aliye juu ya usukani, iandike zebra na uongeze check_date yenye tarehe uliyoiona, ili mwingine arudi kuitazama. Kama unaiona wewe tu kwa sababu unakumbuka ilikuwepo, ni crossing=unmarked. Najua inauma kuiondoa zebra ya watoto kwenye ramani. Lakini anayepanga njia salama ya kwenda shule atatuamini, na zebra ya kwenye ramani haimsimamishi dereva wa daladala.

Mbagala: Na wale wanafunzi wanaovusha wenzao kwa kibao?

Kama ni utaratibu wa kila siku, ongeza supervised=yes. Ukijua saa zao, andika saa badala ya yes.

Mwanza: Sokoni kwetu watu wanavuka popote. Niweke nukta kila mahali?

Hapana, kaka. Weka pale ambapo njia ya mguu inafika barabarani pande zote mbili na umati unavukia hapo kila siku. Kwa mahali pasipotengenezwa kabisa ipo crossing=informal.

Arusha: Taa zetu zimezimika, trafiki ndiye anayeongoza. Nibadilishe?

Usibadilishe kwa taa iliyozimika kwa muda. Nguzo ziking'olewa, ndipo ubadilishe.

Mombasa: Siwezi kufika kila mahali. Je, nikitazama picha za mitaani za Google?

Hairuhusiwi, leseni yake hailingani na yetu, na kazi yako inaweza kufutwa yote. Tumia picha za Mapillary, mtandao wa picha za mitaani zinazopakiwa na watu wenyewe, hizo tumeruhusiwa. Bora zaidi mwombe mwenzio aliye karibu.

Temeke: Mimi natumia kiti cha magurudumu. Kati ya hizi tagi, mkiwa na muda wa moja tu, naomba iwe kerb. Zebra nzuri yenye ukingo ulioinuka kwangu ni ukuta.

Asante sana, ndugu. Kuanzia leo sitaikubali kazi ya kivuko isiyo na kerb katika kundi langu. Ukingo weka kama nukta yenye barrier=kerb kila upande wa kivuko, kwa sababu mara nyingi upande mmoja umeshushwa na wa pili haukushushwa.

Buguruni: Nina simu ya Android tu, sina kompyuta.

Inatosha. Pakua StreetComplete. Ukisimama karibu na kivuko itakuuliza yenyewe kama kina taa, kisiwa, vigae. Kwenye barabara zilizogawanyika usiongeze nukta mpya kwa simu. Piga picha, niletee Jumamosi, tutazichora pamoja kwenye JOSM, programu ya kompyuta ya kuhariri ramani yetu.