Namna ya Kuelewa Majibu Yasiyosema Ndiyo Wala Hapana

Katika mazungumzo yetu ya kila siku ni nadra kusikia "hapana" ikitamkwa peke yake. Aliyeombwa mkopo husema "ngoja niangalie", aliyealikwa shughulini husema "Mungu akipenda", fundi cherehani aliyeulizwa habari za gauni husema "pita kesho", na kila mmoja wao huona kwamba amekwisha kujibu. Inabaki kuwa kazi ya msikilizaji kujua amejibiwa nini. Kazi hiyo inaweza kufanywa vizuri bila kumdhania mwenzako uongo, kwa sababu wengi wanaojibu hivyo hawana nia ya kudanganya, bali wanasitiri heshima yao na yako kwa pamoja.

Kabla ya kulipima jibu, lipime kwanza swali lako. Jiulize kama uliyemuuliza alikuwa na nafasi ya kukataa. Ukimwomba jirani fedha mbele ya mke wake na wageni, au ukimwalika mtu mbele ya mama yako mzazi, umemfungia njia zote isipokuwa ile ya kukubali kwa maneno mepesi, na "hakuna shida" atakayoitamka hapo haina uzito wowote wa ahadi. Swali hilohilo likiulizwa faraghani, kwa sauti ya kawaida, huweza kuleta jibu tofauti kabisa. Kwa hiyo jibu lililotolewa hadharani lisihesabiwe mpaka litakaporudiwa mkiwa wawili.

Baada ya hapo, sikiliza kile ambacho hakikusemwa. Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1967, ambayo sehemu yake ilichapishwa mwaka 1975, alieleza kwamba watu wanaozungumza hutarajiana kupeana habari zinazotosheleza haja iliyopo, na kwamba mmoja akitoa pungufu ya hizo, upungufu wenyewe humwambia msikilizaji jambo. Anayesema "nitakuja" amesema kidogo. Anayesema "nitakuja Jumamosi, nikishuka Ubungo nitakupigia" ameshajiona akiwa safarini. Lakini dalili ninayoiamini kuliko zote ni swali analokurudishia mtu. Mwenye nia ya kuja huuliza shughuli inaanza saa ngapi, gari lipi linafika huko, aje na watoto au awaache. Asiye na nia hana la kuuliza, hata kama uso wake umejaa furaha na mkono wake haujauachia wako.

Angalia pia ni nani aliyebebeshwa hatua inayofuata. "Nitafute Alhamisi jioni" inakupa ruhusa na siku, nawe unaweza kuishika. "Nitakutafuta" inamwachia yeye kila kitu, na pasipo siku iliyotajwa, mara nyingi mazungumzo yameishia hapo kwa upole.

"Inshallah" inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu watu wengi siku hizi huichukulia kuwa ni njia ya kukataa, na kufanya hivyo ni kumwonea mcha Mungu. Katika Qur'ani, sura ya al-Kahf, aya ya 23 na ya 24, muumini amekatazwa kusema kwamba hakika atafanya jambo fulani kesho bila kulifungamanisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Katika Biblia, Waraka wa Yakobo, sura ya 4, unawaonya wanaopanga kwenda mji fulani leo au kesho kufanya biashara, na kuwataka waseme kwanza "Bwana akipenda". Kwa hiyo neno lenyewe si dalili ya lolote. Litazame lilipokaa. Likija baada ya mpango uliokamilika, kama vile "saa nne asubuhi nitakuwa nimefika, inshallah", hiyo ni ahadi ya mtu anayejua kwamba kesho haiko mikononi mwake. Likisimama peke yake kama jibu zima la swali lililotaka siku na saa, hapo ndipo una haki ya kuuliza zaidi.

"Bado" nayo ina sura mbili. Kijana aliyeulizwa na shangazi yake kama ameoa atajibu "bado" hata akiwa hana mpango huo kabisa, kwa kuwa "hapana" ingesikika kama anaikataa heri yenyewe, na hapo hakuna cha kuchunguza. Kwa fundi ni tofauti. "Bado kidogo" yake huweza kumaanisha kwamba amebakiza vifungo, au kwamba kitambaa chako kingali kwenye mfuko ulioleta. Usimuulize atamaliza lini; muulize ameshakata, na uombe kukiona kilipofikia. Vivyo hivyo kwa anayesema yuko njiani: muulize amefika wapi, kwa upole, kama unayetaka kumwelekeza. Anayetaja kituo yuko barabarani, na anayesema "nakaribia" huenda hajafunga mlango wa nyumba yake. Na mgeni wa lugha yetu ajue kwamba mtu anayeinuka na kusema "nakuja" anaondoka kwa muda na anaomba asubiriwe.

Yapo majibu yanayoonekana kukwepa ilhali ni desturi tu. Mshenga anapopeleka posa, wazazi wa binti husema "tumewasikia, mtupe nafasi tushauriane", na husema hivyo hata wale waliokwisha kuridhia moyoni, kwa kuwa kukubali papo hapo ni kumshusha binti yao. Kuwaharakisha ni kuharibu. Linaloonyesha kwamba jambo liko hai ni maswali yao juu ya ukoo, kazi na mwenendo wa kijana, au kutajiwa siku ya kurudi. Kwenye michango ya harusi, kinyume chake, ukarimu wa maneno usikupoteze: "tupo pamoja" ni maneno ya upendo, nayo yapokelewe kwa shukrani, lakini kamati ipange bajeti kwa zile ahadi zilizoandikwa kiasi.

Ofisini nashauri uwe imara zaidi. "Linashughulikiwa" na "mchakato unaendelea" ni maneno yanayoficha mtendaji, na mtumishi anayehudumia umma hana sababu ya kusitiriwa kama rafiki aliyekosa fedha za kukukopesha. Uliza kwa adabu: "Naomba kujua limefikia hatua gani, liko kwa nani, na nirudi siku gani." Andika jina na tarehe mbele yake. Ukiambiwa tena "pita wiki ijayo", omba kuonana na msimamizi wake siku hiyohiyo.

Kwa ndugu na marafiki, swali la pili liwe lenye mlango wa kutokea. Sema, "Kama itakuwa vigumu niambie tu, nipange vingine, wala sitaona vibaya," kisha usione vibaya kweli, maana atakayekunjiwa uso kwa kusema ukweli hatausema tena. Kwa mtu mzima aliyekuzidi umri usiulize, bali kumbusha: "Shikamoo mzee, nilikuwa naomba nikukumbushe lile jambo letu." Kama nalo ni zito, mpitie mtu wa rika lake. Jibu la pili likiwa na ukungu uleule wa la kwanza, panga mambo yako kana kwamba umeambiwa hapana, bila kumtangazia mtu. Huna haja ya kuuliza mara ya tatu. Akija, mkaribishe kama aliyesubiriwa.

Kwenye ujumbe wa simu mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu sauti na uso havipo. "Sawa" iliyoandikwa inaweza kuwa "nimekubali", inaweza kuwa "nimesoma", na inaweza kuwa "tuishie hapa". Mtu aliyetumiwa maswali matatu kwa pamoja akajibu "sawa" hajajibu hata moja. Mtumie swali moja tu, linalodai siku, kiasi au mahali, na kama jambo lenyewe ni la fedha, ugonjwa au safari, mpigie usikie sauti yake.